Msanifu majengo na mteja wake: namna ya kufanya kazi pamoja kuanzia kikao cha kwanza hadi baada ya makabidhiano

Ugomvi kati ya msanifu majengo na mteja mara chache huanzia kwenye ladha. Mteja anayekasirika kwa sababu ya rangi ya ukuta ni nadra. Anayekasirika kwa sababu hakuambiwa mapema kwamba dirisha alilolitaka lingeongeza gharama, au kwamba kibali kimekwama, huyo yupo kila mahali. Mambo matatu ndiyo huwashtua wateja: pesa, muda, na kugundua kwamba kilichojengwa sicho walichodhani wamekikubali. Mwongozo huu unafuata mwenendo wa kazi yenyewe, na karibu kila hatua lengo lake ni moja: mteja apate taarifa wakati bado ana nafasi ya kuamua. Ucheshi na lugha nzuri vinasaidia, lakini haviwezi kuziba pengo la mkataba.

1. Kikao cha kwanza: sikiliza, kisha uliza maswali magumu

Kikao cha kwanza si cha kuchora. Mwache mteja aeleze jengo lake lote bila kumkatiza. Mpangilio wa maneno yake utakuonyesha kinachomgusa: anayeanza na jiko anataka kitu tofauti na anayeanza na geti. Akimaliza, uliza na uandike majibu.

*Nani anaamua?* Mara nyingi aliyekuja ofisini siye mwenye neno la mwisho. Kuna mwenzi wake, kuna mzazi anayechangia, kuna ndugu aliye mbali, kuna kamati. Omba watajwe, na omba achaguliwe mmoja ambaye sahihi yake ndiyo itakayohesabika. Mke na mume wenye mawazo tofauti wasibanwe wakubaliane papo hapo mbele yako. Mpe kila mmoja karatasi aandike peke yake mambo matano anayoyataka na mawili asiyoyataka kabisa, kisha zilinganisheni. Tofauti zikijulikana siku hiyo hazigharimu kitu. Zikijitokeza kuta zikiwa zimefika kwenye linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), kuna ukuta utabomolewa.

*Pesa ipo, au itakuja?* Akiba iliyo mkononi, mkopo unaotolewa kwa awamu, na michango ya familia kila moja ina mwendo wake. Jengo la pesa inayokuja kidogo kidogo linapaswa kusanifiwa tangu mwanzo liweze kusimama kwa awamu, kila awamu ikiwa na paa lake na choo chake.

*Kiwanja kina hati, mipaka imepimwa, na matumizi yake yanaruhusu jengo hili?* Usichore kwa kutegemea vipimo vya kukadiria kwa hatua za miguu. Hitilafu ya nusu mita kwenye mpaka inatosha kukataliwa kibali.

*Kwa nini tarehe hiyo?* Mteja akisema anataka kuhamia mwezi fulani, uliza sababu. Pango la nyumba likiwa linaisha, tarehe ni ya kweli. Ikiwa ni matumaini tu, mwambie mapema ratiba halisi inavyoonekana.

*Amewahi kujenga, na ilikuwaje?* Aliyegombana na wasanifu wawili kabla yako anaweza kuwa alionewa mara zote mbili, lakini omba kusikia habari yote kabla ya kuikubali kazi yake. Kuna kazi ambazo jibu sahihi ni kukataa kwa heshima: bajeti isiyofika hata nusu ya anachotaka naye hataki kupunguza, au mteja anayetaka ukwepe kibali.

Jizuie kuchora kwenye karatasi ya pembeni wakati wa mazungumzo haya. Mchoro wa dakika mbili mteja huondoka nao kichwani kama ahadi, na miezi mitatu baadaye atakuuliza ile baraza ilikwenda wapi.

2. Andika mahitaji kwa mita za mraba, si kwa sifa

“Sebule kubwa” na “jiko la kisasa” ni maneno ambayo watu wawili wakiyasikia wanaona vyumba viwili tofauti. Ndiyo maana mahitaji yaandikwe kwa vipimo, na njia rahisi ni kupima na mteja vyumba anavyoishi sasa. Akijua kwamba sebule yake ya leo ina mita za mraba 16 na anaiona finyu, 24 inakuwa na maana kwake.

Chukua mfano wa nyumba ya familia. Sebule 24, sehemu ya kulia 14, jiko 12, stoo 4, chumba kikuu 18 na bafu lake 5, vyumba viwili vya watoto 13 kila kimoja, bafu la pamoja 5, choo cha wageni 2, chumba cha kufulia 4. Jumla ni mita za mraba 114. Wateja wengi huishia hapo, na wasanifu wengine pia. Lakini hizo ni nafasi za ndani za vyumba tu. Bado kuta, korido na ngazi, ambazo kwa nyumba ya kawaida huongeza asilimia 20 hadi 30. Kwa asilimia 25, nyumba hiyo ni karibu mita 143, na ndiyo itakayolipiwa msingi na paa.

Sasa gawanya bajeti ya ujenzi kwa gharama ya mita moja ya mraba ya eneo lenu kwa wakati huo, takwimu ambayo mkadiriaji majenzi au mkandarasi wa karibu anaijua. Ikiwa pesa inatosha mita 110, upungufu ni mita 33. Uonyeshe upungufu huo kwenye jedwali la mstari kwa mstari na umwachie mteja achague pa kukata. Labda chumba cha watoto kimoja kisubiri awamu ya pili. Labda sehemu ya kulia iungane na jiko. Akikata mwenyewe ataitetea nyumba ndogo kwa marafiki zake. Ukimkatia wewe kimyakimya, atasema msanifu alimbania.

Mwisho wa hatua hii muwe na kurasa mbili au tatu zilizosainiwa: orodha ya vyumba na vipimo, mambo yasiyojadiliwa tena, mambo ambayo yangependeza tu, bajeti, na tarehe.

3. Pesa: tenganisha gharama ya ujenzi na gharama ya mradi

Mteja akitaja bajeti, kichwani mwake hiyo ni pesa yote aliyonayo. Msanifu akiisikia, huifikiria kama pesa ya kumlipa mkandarasi. Kutoelewana huko kukibaki bila kusemwa hukua hadi siku ya kufungua zabuni. Kaa na mteja muondoe kwanza vyote visivyo saruji na nondo: ada za msanifu, mhandisi na mkadiriaji, upimaji wa ardhi na udongo, vibali, kodi, kuunganisha maji na umeme, ukuta wa uzio, kazi za nje, samani na mapazia. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kujengea, na hata hicho kisitumike chote kwenye michoro. Weka akiba ya dharura: asilimia 10 kwa jengo jipya ni kiwango cha kuanzia, na kwa ukarabati wa jengo kuukuu nenda 15 hadi 20, kwa sababu hakuna anayejua kilicho nyuma ya plasta mpaka ibanduliwe.

Akiba hii mteja aijue na iandikwe kwa jina lake. Wapo wasanifu wanaoificha ndani ya makadirio ili mteja asiitumie kununulia marumaru. Tunaelewa kwa nini, lakini akigundua, na wengi hugundua, hataamini tarakimu nyingine yoyote utakayompa.

Makadirio yarudiwe angalau mara tatu: baada ya mchoro wa dhana (ule wa mwanzo wa wazo la jengo), baada ya usanifu kukamilika, na kabla ya zabuni. Toa kiwango cha chini na cha juu, si namba moja. Namba moja mteja huishika kama bei ya dukani.

4. Mkataba kabla ya kalamu

Mkataba wa barua ya kurasa nne unatosha kwa nyumba ndogo, ilimradi uwe na mambo haya.

Kwanza, kazi utakazofanya na, kwa uzito uleule, usizofanya. Andika wazi kama hesabu za mhandisi, usanifu wa bustani, samani za ndani, ufuatiliaji wa kibali na picha za kompyuta zimo au hazimo.

Pili, hatua na malipo ya kila hatua. Chama cha wasanifu cha Uingereza, RIBA, kilitoa mpango wake wa kazi mara ya kwanza mwaka 1963, na toleo la 2020 lina hatua nane, kuanzia 0 hadi 7. Si lazima uufuate huo, lakini kanuni yake ni nzuri kumweleza mteja: kila hatua ina kinachotolewa, ina mahali pa kusaini, na ya pili haianzi ya kwanza haijafungwa. Kuhusu malipo, mgawanyo uliozoeleka sana, hasa Marekani, ni asilimia 15 ya ada kwa mchoro wa dhana, 20 kwa kuendeleza usanifu, 40 kwa michoro ya ujenzi, 5 kwa zabuni na 20 kwa kipindi cha ujenzi. Chukua pia malipo ya awali kabla ya kuanza, asilimia 10 hivi, yakatwe kwenye ankara za mwisho.

Ada yenyewe iwe ya namna gani? Ada ya asilimia ya gharama ya ujenzi ina kasoro moja isiyokwepeka: kila gharama ikipanda, msanifu anaonekana anafaidika, na ushauri wako wa kununua dirisha bora unatiliwa shaka. Tunapendelea asilimia itumike kukadiria tu, kisha ikishapita hatua ya dhana ada igeuzwe kiasi maalumu kisichobadilika, na kazi za nyongeza zitozwe kwa saa kwa kiwango kilichoandikwa.

Tatu, idadi ya marekebisho. Andika, kwa mfano, mizunguko miwili ya marekebisho kwa kila hatua. Wa tatu unalipiwa. Bila kifungu hiki hakuna sababu ya mteja kuacha kubadilisha.

Nne, hakimiliki ya michoro na ruhusa ya mteja kuijengea mara moja kwenye kiwanja hicho. Tano, namna ya kuachana: siku za notisi, na kazi iliyokwisha kufanyika inalipwaje. Kifungu cha kuachana kikisomwa mapema, kila upande ukiwa bado na moyo mweupe, hakimtii mtu wasiwasi.

Usimtumie mteja mkataba kwa barua pepe ukasubiri sahihi. Usomeni pamoja, kifungu kwa kifungu. Huchukua nusu saa, na maswali yatakayoulizwa hapo ndiyo yaleyale yangezua ugomvi mwakani.

5. Vikao vya usanifu: chukulia kwamba mteja hasomi ramani

Watu wengi hutikisa kichwa mbele ya ramani bila kuielewa, kwa sababu kusema “sielewi” kunatia haya. Sahihi ya mtu asiyeelewa haikulindi kitu. Siku kuta zitakapoinuka atasema hakujua. Kwa hiyo kazi yako ni kumfanya alione jengo.

Mchoro wa kipimo cha 1:100 (sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja ya jengo) unatosha kwa mpangilio, lakini vyumba muhimu vionyeshwe kwa 1:50 vikiwa na samani za vipimo halisi. Kitanda cha mita 1.5 kwa 2 kichorwe, na pembeni mwake sentimita 70 za kupita. Kati ya meza za jiko zinazotazamana pawe na sentimita 110 hivi, vinginevyo droo ikifunguliwa mtu wa pili hapiti. Chumba kikizua mabishano, nendeni mahali palipo wazi, chora kuta zake kwa chaki au utepe sakafuni kwa ukubwa wake wenyewe, weka viti, na mteja atembee humo. Dakika kumi ndani ya mistari hiyo zinafanya kazi ambayo vikao vitatu vya ramani haviifanyi.

Kisha mtembeze kwa maneno. “Umerudi usiku, mvua inanyesha, mikononi una mizigo. Unashuka wapi? Swichi ya taa iko wapi? Mizigo unaiweka wapi kabla ya kufika jikoni?” Mteja atagundua mwenyewe kwamba mlango wa jiko uko mbali na maegesho, na atakuomba uuhamishe badala ya kukulaumu.

Picha za kompyuta zinazofanana na picha za kamera zisitangulie. Zikionyeshwa mapema, mteja hupenda kochi na machweo, wala haoni kwamba chumba cha kulala kimekosa dirisha la pili la kupitisha hewa. Hatua ya dhana inafaa modeli ya karatasi ngumu au michoro ya mkono, ambayo kwa sura yake tu inamwambia kwamba bado kuna nafasi ya kubadilisha.

Leta mapendekezo mawili, au matatu yakizidi sana, na yawe tofauti kweli. Usilete unalolipenda pamoja na mawili mabovu ya kulisindikiza; kuna siku mteja atachagua bovu. Kila pendekezo lije na faida, hasara na makadirio yake kwenye ukurasa mmoja.

Usiulize “Unaipenda?” Uliza “Ni chumba gani ungekiogopa kukiishi?” au “Hapa wageni wakilala, nani atasumbuka?” Mteja akijibu kwa suluhisho, mathalani “weka dirisha kubwa hapa”, tafuta shida iliyo nyuma yake. Huenda anataka mwanga, huenda anataka kuwaona watoto uani. Dirisha kubwa upande wa jua la magharibi litamletea joto kila alasiri, ilhali dirisha dogo lililowekwa mahali pake lingemwonyesha ua bila kumchoma.

Hatua ikikamilika, chapisha michoro, kila karatasi isainiwe na iandikwe tarehe na namba ya toleo. Nakala moja abaki nayo mteja.

6. Mawasiliano: njia moja, kumbukumbu ya maandishi

Chagueni njia moja ya maamuzi. Simu na ujumbe wa sauti vinafaa kwa mazungumzo, lakini uamuzi si uamuzi mpaka uandikwe. Kila baada ya kikao au simu ndefu, ndani ya saa 24, tuma kumbukumbu fupi ya namna hii:

“Habari za jioni. Tuliyokubaliana leo ni haya. Moja, mlango wa jiko unahamia upande wa mashariki, kama ulivyo kwenye mchoro A-03 toleo la pili. Mbili, dirisha la ngazi linabaki lilivyo. Tatu, nasubiri uchaguzi wako wa vyombo vya bafu kabla ya tarehe 20. Ukipita hapo fundi bomba atasimama na ratiba itasogea. Kama kuna nililolielewa vibaya, tafadhali nijulishe ndani ya siku tatu, vinginevyo nitaendelea hivi.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba uzito. Bila hiyo, ukimya wa mteja hauna maana yoyote.

Tuma taarifa siku ileile kila wiki hata kama hakuna kilichotokea. “Wiki hii maombi ya kibali bado yanakaguliwa, nitafuatilia Jumanne” ni taarifa. Mteja asiyesikia chochote kwa wiki tatu huanza kujaza pengo kwa mawazo yake, na hayo mawazo kwa kawaida hayakupendelei. Weka pia mipaka yako mapema: saa za kupokea simu, na muda wa kujibu ujumbe, siku moja ya kazi ikitosha.

Habari mbaya ina utaratibu wake. Piga simu siku hiyohiyo, sema jambo lenyewe katika sentensi mbili za mwanzo, kisha toa njia mbili za kutokea, kila moja na gharama na muda wake. Baadaye andika. Ukianza na maandishi mteja hukisoma kila kifungu kama kujitetea.

7. Mabadiliko: yapewe fomu na bei

Mteja ana haki ya kubadilisha mawazo. Kosa ni mabadiliko yasiyo na bei wala tarehe. Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja: nini kinabadilika, nani ameomba, gharama ya ujenzi inaongezeka au kupungua kiasi gani, siku ngapi zinaongezeka, ada ya ziada ya usanifu, sahihi. Hakuna sahihi, hakuna mabadiliko, hata kama ni ya kusogeza soketi tu.

Fafanua pia kwa nini jambo linaloonekana dogo si dogo. Mteja anaomba choo cha ghorofani kisogezwe mita 2. Bomba la maji machafu la milimita 100 likiwa na mteremko wa 1:40 linashuka sentimita 5 katika mita hizo mbili. Bomba hilo linapita juu ya dari ya sebule, kwa hiyo ama dari ishuke, ama boriti itobolewe, jambo ambalo mhandisi hawezi kulikubali hivihivi. Bomba la kutoa hewa nalo linahama, tundu la paa linahama, dirisha la choo linahama. Kwenye karatasi hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Slabu ikiwa imeshamwagwa, ni kutoboa zege, kuziba tundu la zamani, na kubishana na mkandarasi nani alipe. Mteja akielezwa hivi mara moja, safari nyingine ataanza mwenyewe na swali la “itagusa nini?”

Jumba la Opera la Sydney linaonyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Jørn Utzon alishinda shindano la kulisanifu mwaka 1957, na ujenzi ukaanza 1959 kwa msukumo wa serikali iliyokuwa mteja, wakati muundo wa mapaa haujatatuliwa. Nguzo za chini zilijengwa, kisha ikaonekana haziwezi kubeba mapaa, zikalazimika kujengwa upya. Makadirio ya awali yalikuwa dola milioni 7 za Australia. Liliisha kwa milioni 102. Utzon alijiuzulu 1966 baada ya mvutano na serikali mpya kuhusu pesa na mamlaka, na jengo likafunguliwa 1973 bila yeye. Nyumba ya vyumba vitatu haiwezi kufika huko, lakini mteja anayetaka msingi uchimbwe “huku tukiendelea kufikiria juu” anaomba jambo lilelile.

8. Wakati wa ujenzi

Kabla mkandarasi hajaingia saiti, fanyeni kikao cha watu watatu: mteja, mkandarasi na msanifu. Mambo mawili yakubaliwe hapo na yaandikwe.

La kwanza ni njia ya maagizo. Mteja anaruhusiwa kuja saiti wakati wowote, kuuliza, kupiga picha, lakini hamwelekezi fundi mwashi wala seremala. Akiona jambo, amwambie msanifu, naye aandike maagizo kwa mkandarasi. Fundi akishaambiwa na mwenye nyumba “sogeza mlango kidogo”, atausogeza, na tofali zilizopotea atazidai.

La pili ni tofauti kati ya ukaguzi na usimamizi wa kila siku. Mkataba wa kawaida wa msanifu ni wa ukaguzi wa vipindi, kwa mfano mara moja kwa wiki na kwenye vituo maalumu: msingi kabla ya zege, nondo kabla ya slabu, mabomba kabla ya plasta, paa kabla ya dari. Wateja wengi hudhani msanifu yuko saiti muda wote. Anayetaka mtu wa kushinda pale aajiri msimamizi wa saiti kwa gharama tofauti.

Mpe mteja ratiba ya maamuzi yake, kila kitu kikiwa na tarehe ya mwisho na sababu. Vyombo vya bafu vichaguliwe kabla ya fundi bomba kuanza, kwa maana choo cha kuning’inia ukutani kinahitaji fremu ndani ya ukuta. Taa na soketi kabla ya slabu na plasta. Umaliziaji wa sakafu kabla ya ngazi kumwagwa, na hili wateja huliona ni haraka isiyo na sababu. Waonyeshe hesabu. Ngazi ya kupanda mita 3.15 kwa vipandio 18 ina kimo cha sentimita 17.5 kila kimoja. Baadaye mteja anachagua sakafu ya unene wa sentimita 5 chini na juu, na vigae vya sentimita 2 kwenye ngazi. Kipandio cha kwanza kinabaki 14.5, cha mwisho kinakuwa 20.5, na watu watajikwaa hapo siku zote. Ngazi ikimwagwa baada ya uamuzi kufanyika, tofauti hiyo hurekebishwa kwenye mbao za kumwagia zege bila gharama.

Malipo ya mkandarasi yapite kwenye hati ya malipo unayoitoa baada ya kupima kazi iliyofanyika. Mweleze mteja mapema kwamba hapo unatakiwa kuwa wa haki kwa pande zote mbili: kazi ikiwa nzuri utaidhinisha alipwe hata kama mteja angependa kuchelewesha. Zuio la asilimia 5 hadi 10, yaani sehemu ya malipo inayoshikiliwa kama dhamana, likatwe kila hati, nusu lirudishwe jengo likikabidhiwa na nusu mwisho wa kipindi cha matazamio, ile miezi ya baada ya makabidhiano ambayo mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro.

9. Ada yako ikichelewa

Ankara itoke siku hatua inapokamilika, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kulipa. Siku 7 baada ya tarehe hiyo kupita, tuma ukumbusho wa kirafiki. Siku 14, piga simu uulize kama kuna kazi asiyoridhika nayo. Mara nyingi ipo na hajaisema. Siku 30, toa notisi ya kusimamisha kazi kama mkataba unavyoruhusu, na uisimamishe kweli. Kuendelea kuchora bila malipo huku ukinung’unika kunaharibu kazi na uhusiano kwa pamoja. Usishikilie michoro ya hatua iliyokwisha kulipwa.

10. Makabidhiano na baada yake

Wiki mbili kabla ya kukabidhi, tembea chumba kwa chumba na mteja na mkandarasi, mkiandika orodha ya kasoro: mahali, kasoro, nani atengeneze, lini. Fungua kila dirisha, jaza kila sinki kisha liachie, mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu uone kama yanakwenda kwenye tundu. Siku ya funguo mpe faili lenye michoro ya jengo kama lilivyojengwa, picha za mabomba na nyaya kabla hazijafunikwa na plasta, dhamana za vifaa, majina ya rangi, na ratiba ya matunzo.

Kipindi cha matazamio mara nyingi ni miezi 6 au 12. Kikiwa cha 12, weka kwenye kalenda yako ziara ya mwezi wa 11, na ikiwezekana nyingine mara tu baada ya mvua kubwa za kwanza. Angalia nyufa za pembe za milango, madoa ya unyevu darini, milango iliyovimba, vigae vinavyolia vikigongwa. Muulize mteja ni chumba gani hakitumiki na kwa nini. Jibu hilo litakusaidia kwenye kazi nyingine. Kasoro za mkandarasi zipelekwe kwake kwa maandishi siku hiyohiyo, kabla ya kipindi kuisha, kwa sababu zuio likishalipwa mteja hana tena cha kumshikia.